Lisemwalo Lipo? Matukio Yasiyochorwa Katika Katuni za Mashujaa

Katika toleo la 121 la The Amazing Spider-Man, la Juni 1973, Green Goblin anamwangusha Gwen Stacy kutoka juu ya nguzo ya daraja jijini New York. Spider-Man anafyatua utando wake, unamnasa mpenzi wake mguuni kabla hajafika majini, na kwa kitambo kidogo kijana anajipongeza kwamba amemwokoa. Anapomvuta juu anakuta amekwisha kufa. Goblin anamcheka na kumwambia kwamba mtu akianguka kutoka kimo kile hufa kabla ya kufika chini. Lakini msomaji akirudi nyuma kidogo, hadi kwenye kisanduku ambamo utando unamnasa binti yule, ataona kando ya shingo yake neno dogo la mlio, ule mlio wa kijiti kikavu kinapovunjika. Hakuna mhusika anayelitaja. Hakuna maelezo ya mwandishi yanayosema shingo imevunjika, wala kwamba utando uliotupwa kuokoa ndio ulioua. Wasomaji waliandika barua kuuliza, na katika toleo la 125, kwenye ukurasa wa barua, ofisi ya mhariri ikajibu kwamba kilichomuua Gwen ni kule kusimamishwa ghafla. Swali likabaki: je, jambo ambalo hadithi imelidokeza tu, bila kulichora wala kulitamka, linahesabika kuwa limetokea?

Wapenzi wa katuni huita kanoni jumla ya matukio yanayokubaliwa kuwa yametokea kweli ndani ya ulimwengu wa hadithi. Katika riwaya jambo hili halisumbui sana, kwa kuwa riwaya ina mwandishi mmoja na ukurasa wa mwisho. Katuni za mashujaa hazina kimoja wala kingine. Superman alianza mwaka 1938 katika Action Comics, Batman akafuata mwaka 1939 katika Detective Comics, na wote wawili wangali wanachapishwa hadi leo. Wahusika ni mali ya kampuni, waandishi na wachoraji wanapokezana, na kila anayeingia hulazimika kujua ni mambo gani tayari yamempata shujaa aliyekabidhiwa. Batman mwenyewe alitokea mara ya kwanza bila sababu yoyote ya kuvaa vazi la popo na kuwinda wahalifu usiku. Kuuawa kwa wazazi wake kulionyeshwa miezi sita baadaye, katika toleo la 33 la Novemba 1939. Leo hakuna msomaji anayedai kwamba katika ile miezi sita Bruce Wayne, ambaye ndiye Batman, alikuwa na wazazi hai nyumbani. Tukio lile lilikuwapo kabla halijachorwa, kwa sababu mtu yule hakuweza kuwa alivyo bila jambo zito la namna ile nyuma yake.

Hata hivyo wako wasomaji wenye msimamo mkali, na hoja yao si ya kubeza. Wanasema kanoni ni kilichochorwa na kilichoandikwa ukurasani, basi. Mengine yote ni dhana ya msomaji, na tukifungulia mlango dhana moja zitaingia elfu, kila mtu na Batman wake. Msimamo huu una faida ya kumaliza ubishi haraka. Tatizo lake ni kwamba katuni yenyewe haiwezi kusomeka kwa sheria hiyo. Mwaka 1993 mchoraji Scott McCloud alitoa kitabu Understanding Comics, ambacho nacho kimeandikwa kwa mtindo wa katuni, akieleza jinsi fani hii inavyofanya kazi. Anatoa mfano wa visanduku viwili tu. Katika cha kwanza, mtu ameinua shoka na mwingine anamkimbia kwa hofu. Katika cha pili ni mandhari ya jiji usiku na ukelele umetanda angani. Pigo halikuchorwa popote. Lilitokea katika ule mwanya mweupe baina ya visanduku viwili, na aliyelikamilisha ni msomaji. McCloud anaonyesha kwamba huu ndio msingi wa lugha ya katuni: mchoraji huchagua nyakati chache, na zote zilizobaki huziacha kwa akili ya anayesoma. Kwa hiyo anayesema lisilochorwa halikutokea atalazimika pia kusema kwamba Superman huwa hashuki ngazi wala hafungui milango, na kwamba Clark Kent, yaani Superman asipovaa vazi lake, hajawahi kulala usiku mzima. Swali la kweli basi si kama tukio la kudokezwa linaweza kuhesabika. Swali ni lipi linahesabika, na kwa kiasi gani.

Makala haya yanatetea kigezo kimoja. Tukio la kudokezwa ni sehemu ya kanoni pale ambapo kurasa zilizochapishwa haziwezi kusimama bila hilo. Liondoe, kisha utazame: kama kinachofuata kinapoteza maana, basi tukio lilikuwapo, hata kama hakuna kalamu iliyoligusa. Kama kinachofuata kinaendelea vilevile, basi hiyo ni tafsiri ya msomaji, pengine nzuri na yenye akili, lakini haimfungi mwingine. Kigezo kina upande wa pili pia: linalohesabika ni kile kiini tu ambacho hadithi inakiegemea. Msingi wa nyumba hauonekani, na ukuta unathibitisha kwamba upo, lakini ukuta hausemi kama ulijengwa kwa mawe au kwa zege. Kwa Gwen Stacy jibu linapatikana bila taabu. Mlio ule umeandikwa kando ya shingo, si penginepo, na katika katuni herufi za mlio ni sehemu ya mchoro kama ilivyo mikono na nyuso. Ukiondoa kuvunjika kwa shingo, herufi hizo zinabaki bila kazi. Maneno ya Goblin kwamba anguko lenyewe huua nayo hayatoshi, kwa kuwa anayeyasema ni muuaji anayemdhihaki mfiwa, na watu huruka kutoka kwenye ndege na kuanguka mbali zaidi ya pale wakiwa hai. James Kakalios, profesa wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Minnesota, alilichambua tukio hili katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu fizikia ya mashujaa, akionyesha jinsi kusimama ghafla kunavyoelekeza nguvu kubwa mwilini kwa muda mfupi mno. Jibu la mhariri lilithibitisha tu kilichokwisha kuwa ukurasani.

Toleo hilohilo linaonyesha pia mahali kigezo kinapokoma. Maandishi yake yanalitaja daraja la George Washington, lakini daraja lililochorwa ni la Brooklyn, na yeyote aliyewahi kuona picha zake atalitambua kwa matao yake ya mawe. Maneno na mchoro havipatani, na ubishi juu ya lipi ni sahihi umedumu miaka mingi. Kwa kigezo chetu hakuna haja ya kuamua. Hadithi inahitaji kimo, maji na anguko. Jina la daraja halibebi chochote katika yaliyofuata, hivyo kila mtu na achague lake.

Mfano unaopita yote kwa msomaji wa Afrika Mashariki ni wa Storm, kwa kuwa hadithi yake inapita kwetu. Alitokea mara ya kwanza mwaka 1975 katika Giant-Size X-Men, kazi ya mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum. Profesa Xavier, kiongozi wa kikosi cha mashujaa wa X-Men, anamkuta Kenya, msichana mwenye nywele nyeupe anayeletea watu mvua nao wakimwabudu kama mungu. Alifikaje pale? Amezaliwa wapi? Toleo lile halikusema. Mwaka uliofuata, katika toleo la 102 la X-Men, mwandishi Chris Claremont akaanza kujibu, na alianza na woga badala ya tarehe. Storm anajikuta amezingirwa na kuta na anashindwa hata kusogea. Kisha tunaelezwa kwa nini: baba yake alikuwa mpigapicha Mmarekani, mama yake Mkenya wa ukoo wa kifalme, wakahamia Cairo, na wakati wa mgogoro wa Suez wa 1956 ndege ikaangukia nyumba yao. Wazazi wakafa, na mtoto akabaki amefukiwa kwenye kifusi kando ya maiti ya mama yake. Baadaye alilelewa miongoni mwa wezi wa mitaani Cairo, na alipokuwa akikua akaanza safari ya kwenda kusini hadi tambarare za Serengeti.

Kutoka Cairo hadi huku ni zaidi ya kilomita 3,000, na toleo lile liliipa safari hiyo nafasi ndogo sana. Hata hivyo hakuna anayeweza kusema haikutokea, kwa sababu mwizi wa Cairo na mleta mvua wa Kenya ni mtu mmoja, na hakuna njia nyingine ya kuwaunganisha. Safari ile basi ilihesabika tangu siku ya kwanza. Undani wake ndio uliobaki wazi, na waandishi waliufanyia kazi. Mwaka 1980, katika toleo la 100 la Marvel Team-Up, tukaambiwa kwamba Storm na T'Challa, yaani shujaa Black Panther, walikwisha kukutana wakiwa bado wadogo. Mwaka 2006 mwandishi Eric Jerome Dickey akausimulia upya mkutano huo kwa namna nyingine katika mfululizo uitwao Storm, na mwaka huohuo kampuni ya Marvel ikawaozesha wahusika hao wawili. Tazama kilichobadilika na kilichobaki. Umri wao, mazingira na mwendo wa mkutano vimechezewa. Kifusi, woga wa kuzingirwa na safari ya kusini havijaguswa. Hata Suez yenyewe imeachwa nyuma na wakati, kwani msichana aliyekuwa mtoto mwaka 1956 angekuwa leo amepita miaka 70, na Storm hajazeeka kiasi hicho. Mwaka unaweza kufifia, lakini ndege iliyoanguka haiwezi, maana juu yake umesimama woga ambao wasomaji wameuona kwa macho yao mara nyingi.

Yako pia madokezo ambayo mwandishi anayapanda kwa makusudi, na haya yanahitaji uangalifu zaidi. Katika toleo la 142 la X-Men, la mwaka 1981, Nightcrawler wa kikosi hicho, mwenye ngozi ya buluu na macho ya njano, anakutana vitani na Mystique, naye ana ngozi ya buluu na macho ya njano. Anamuuliza yeye ni nani, na Mystique anamwambia akamuulize mama aliyemlea. Hapo mazungumzo yanakatika. Kila msomaji aliondoka akiamini kwamba amemwona mama na mwanawe, lakini uthibitisho ulichapishwa mwaka 1994, miaka 13 baadaye. Je, kwa miaka yote hiyo uzazi huo ulikuwa kanoni? Kwa kigezo chetu, hapana. Kilichokuwa kanoni ni kwamba kuna siri baina yao na kwamba Mystique anaijua. Hadithi zilizofuata zingeweza kumfanya shangazi au dada bila kuvunja ukurasa wowote. Na ilikuwa hekima kutoharakisha, kwa sababu hata baada ya 1994 asili ya Nightcrawler ilibadilishwa mwaka 2003 na kubadilishwa tena mwaka 2023. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika katuni methali hiyo ina kweli mbili tofauti: la kwanza tayari ni kanoni, la pili linangoja ukurasa wake.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni kwamba inampuuza mwandishi. Kwa nini tusimuulize aliyetunga alikusudia nini? Jibu ni kwamba katuni hutungwa na mikono mingi, na makusudi yao hayalingani kila mara. Katika toleo la 213 la The Avengers, la mwaka 1981, shujaa Hank Pym anampiga mkewe Janet. Miaka mingi baadaye mwandishi wake, Jim Shooter, alieleza kwamba katika maandishi yake Pym alikuwa amerusha mkono kwa hasira na kumgonga mkewe kwa bahati mbaya, lakini mchoraji akachora kipigo cha kukusudia. Hatuna sababu ya kuyakataa maelezo hayo. Lakini matoleo yaliyofuata yalijengwa juu ya kipigo kilichochorwa: ndoa ya Pym ikavunjika, na kwa miongo kadhaa waandishi wengine wamemwandika kama mtu aliyempiga mkewe. Kusudi la Shooter ni habari muhimu kwa anayetafiti jinsi toleo lilivyotengenezwa. Ndani ya hadithi halina mahali pa kukaa.

Mfano mkali zaidi ni The Killing Joke ya mwaka 1988, iliyoandikwa na Alan Moore na kuchorwa na Brian Bolland. Mwishoni Batman na adui yake Joker wanacheka pamoja chini ya mvua, mikono ya Batman inamwelekea Joker, kisha kicheko kinakoma na kinachobaki ni matone yakidondoka. Mwaka 2013 mwandishi Grant Morrison, ambaye naye amemwandika Batman kwa miaka mingi, alisema hadharani kwamba hapo Batman alimuua Joker. Ni tafsiri inayovutia, na anayekisoma kitabu peke yake anaweza kuishikilia. Lakini Joker aliendelea kutokea, na hakuna hadithi hata moja iliyofuata iliyohitaji kifo chake usiku ule. Linganisha na jambo jingine la kitabu hichohicho: Barbara Gordon, aliyekuwa shujaa Batgirl, anapigwa risasi na kupooza. Kuanzia mwaka 1989, katika Suicide Squad, John Ostrander na Kim Yale walimrejesha akiwa katika kiti cha magurudumu, akiwasaidia mashujaa kwa kompyuta chini ya jina la Oracle, na kwa zaidi ya miaka 20 hadithi nyingi zikaegemea hali yake hiyo. Matukio mawili, kitabu kimoja: la kwanza limebaki ubishi, la pili likawa historia. Tofauti yao ni kama kuna ukurasa mwingine unaolitegemea tukio, wala haitokani na umaarufu wa aliyelitafsiri.

Pingamizi la pili ni la watu wa uhalisia. Wanasema kampuni inaweza kufuta chochote wakati wowote, kwa hiyo kubishana juu ya kanoni ni kazi bure. Ni kweli kwamba kampuni hufuta. Kampuni ya DC, ile ya Superman na Batman, ilifuta na kuandika upya historia yake nzima kwa Crisis on Infinite Earths ya 1985 na 1986. Lakini ukiangalia kwa makini namna kampuni zinavyofuta, utaona nazo zinafuata kigezo hikihiki. Spider-Man alimuoa Mary Jane mwaka 1987. Mwaka 2007, katika hadithi ya One More Day, ndoa hiyo ilifutwa kwa mapatano na shetani aitwaye Mephisto. Marvel, kampuni ya Spider-Man, ilieleza kwamba hadithi zote za katikati zilitokea, ila wawili hao walikuwa wapenzi tu na si mume na mke. Maana yake ni kwamba matoleo ya miaka 20 sasa yanasomwa kwa tukio ambalo halikuchorwa humo, na msomaji ndiye anayetakiwa kulijaza. Kampuni iliyotaka kufuta imejikuta inategemea dokezo kuliko mtu yeyote.

Kifo cha Bucky kinasema vivyo hivyo. Mwaka 1964, katika toleo la 4 la The Avengers, Captain America anaopolewa baharini akiwa ameganda, na anakumbuka jinsi msaidizi wake Bucky alivyolipukiwa na ndege mwishoni mwa vita kuu ya pili. Maiti haikuonyeshwa, lakini majonzi ya Captain America yalijengwa juu ya kifo hicho kwa miaka 41. Mwaka 2005 mwandishi Ed Brubaker akamrudisha Bucky akiwa hai kama Winter Soldier. Je, kigezo kimeshindwa? La. Kurasa za nyuma zilihitaji mambo mawili: kwamba mlipuko ulitokea, na kwamba Captain America aliamini rafiki yake amekufa. Brubaker aliyahifadhi yote mawili, na hadithi yake inauma kwa sababu hiyohiyo. Alichokigusa ni kile ambacho hakuna ukurasa uliokionyesha.

Inabaki hofu ya wale wenye msimamo mkali, kwamba msomaji akipewa ruhusa ya kujaza mianya atajaza apendavyo. Marvel yenyewe ilikwisha kulijibu hilo enzi za mhariri wake Stan Lee, kwa mzaha. Msomaji aliyegundua kosa na kueleza kwa nini si kosa alipewa tuzo iliyoitwa No-Prize, na kuanzia 1967 alitumiwa kwa posta bahasha yenye maneno ya pongezi iliyokuwa tupu ndani. Utupu huo ulikuwa ukweli mtupu. Maelezo ya msomaji yalithaminiwa, lakini hayakuongeza kitu kwenye hadithi mpaka hadithi yenyewe iyapokee. Kwa mfano, Bruce Banner, yule Hulk, aliwahi kuitwa Bob katika baadhi ya matoleo kwa kupitiwa. Stan Lee akalimaliza kwa kutangaza kwamba jina lake kamili ni Robert Bruce Banner. Jina hilo halikufanywa kanoni na tangazo la mhariri kwenye ukurasa wa barua. Likawa kanoni pale waandishi walipoanza kulitumia ndani ya hadithi, na linatumika hadi leo.

Kwa hiyo mabishano ya vijiweni kuhusu nani alikufa, nani ni mtoto wa nani na lipi lilitokea kati ya toleo moja na lingine yanaweza kupunguzwa kwa maswali mawili. Ni ukurasa gani unaolihitaji tukio hilo? Na ni ukurasa gani unaolipinga? Anayeweza kutaja wa kwanza, na hakuna awezaye kutaja wa pili, ameshinda, hata kama tukio halikuchorwa popote. Asiyeweza kutaja wowote ana haki ya kuendelea kuipenda tafsiri yake, ila asimlazimishe mwenzake. Na kwa vijana wetu wanaoandika na kuchora mashujaa wao wenyewe, usiachwe mwanya kwa bahati mbaya: unachokidokeza leo, kama hadithi yako itakiegemea kesho, kitahesabika kuwa umekisema.